Sokwe, Madebe na Gemu Ndogo: Ushauri kwa Kijana wa Mwisho wa Reli

Bando likikata katikati ya jambo na Chrome ikashindwa kufungua ukurasa, kwenye kioo cha simu hubaki dinosaria mdogo wa kijivu amesimama peke yake jangwani. Ukimgusa anaanza kukimbia. Ukichelewa kumrusha anaparamia mpungate, mchezo umekwisha. Google waliuweka mchezo huo mwaka 2014, na mwaka 2018 wakatangaza kwamba unachezwa mara milioni 270 kwa mwezi. Hauna hadithi, hauna rangi, hauna muziki. Una utani mmoja tu, kwamba asiye na mtandao amerudishwa zama za madinosaria, na una kitendo ambacho hata mtoto wa chekechea anakielewa kabla ya kuelezwa. Kando ya Ziwa Tanganyika, ambako ukishatoka mjini mtandao unashika kwenye kilima na kupotea bondeni, hakuna haja ya kumtambulisha dinosaria huyo kwa mtu.

Makala hii inamhusu kijana wa Kigoma, mwisho wa reli, awe wa Mwanga, Gungu, Kibirizi au Ujiji, ambaye amecheza gemu za wenzake mpaka akajiuliza kwa nini asitengeneze ya kwake. Mara nyingi kichwani mwake kuna vita: bunduki, magari yanayolipuka, jiji zima la kuzunguka, hadithi ya kuchezwa wiki nzima. Ushauri wangu ni aanzie upande mwingine kabisa, kwenye gemu ndogo ya kuchekesha ambayo mtu mmoja au wawili wanaweza kuianza na kuimaliza. Wengi wakisikia hivyo hudhani wanaambiwa waridhike na kidogo kwa kuwa hawana mtaji. Sivyo. Kichekesho kina masharti yake, na sharti la kwanza ni udogo.

Hesabu ya mtaji hata hivyo ipo, na ni heri tuimalize mapema. Gemu kubwa za vita zinazotamba leo, mfano zile za mfululizo wa Call of Duty, zimefikia kuchukua zaidi ya GB 100 za nafasi kwenye mashine, na nyuma ya kila moja kuna mamia ya watu wanaolipwa mshahara kwa miaka. Mtu mmoja mwenye kompyuta ya mtumba atafanya nini mbele ya jeshi hilo? Kwa kawaida atachora mji mwezi wa kwanza, mwezi wa pili atahangaika kumzuia mhusika wake asitumbukie ardhini, wa tatu atachoka. Kitakachobaki ni barabara tupu yenye nyumba zisizo na milango. Na hata angemaliza, jirani yake ana simu ya Itel au Tecno ya bei nafuu, nafasi imejaa nyimbo na picha za harusi, na bando analonunua ni la siku. Gemu ya GB mbili kwake ni sawa na haipo.

Ila hata mwenye fedha na mashine kali, akitaka kuchekesha, atalazimika kupunguza. Kicheko kinataka kufika upesi. Mtu akisimulia kisa barazani na kuanza kwa kutaja ukoo wa kila anayehusika, wasikilizaji wataanza kuaga kabla hajafika kwenye utamu wenyewe. Gemu nayo ikimweka mchezaji dakika kumi kwenye maelekezo, ramani na uchaguzi wa viatu vya mhusika, imeshajinyima nafasi ya kuchekesha. Kisha kuna suala la kurudia. Gemu ya kuchekesha hufundisha kwa kumwangusha mchezaji, na mtu akianguka anataka kujaribu tena hapo hapo. Akingojeshwa nusu dakika kabla ya kurudi mchezoni, lile anguko linageuka kero. Kwa hiyo gemu ikiwa nyepesi na fupi, na ikirudi mwanzo haraka, utani wake unapata mahali pa kusimama.

Tazama ile inayoitwa Untitled Goose Game, iliyotolewa Septemba 2019 na kikundi cha watu wanne wa Melbourne, Australia, kiitwacho House House. Wazo lake lilianza kama mzaha wa kazini juu ya picha ya bata bukini. Mchezaji ndiye bata huyo, na kazi yake ni kusumbua kijiji cha Kiingereza chenye watu wastaarabu: amwibie funguo mtunza bustani, amloweshe maji, aburute reki ya wenyewe mpaka ziwani. Kuna kitufe kizima ambacho kazi yake kuu ni kumfanya bata alie. Basi. Ndani ya miezi michache ziliuzwa nakala zaidi ya milioni moja, na mwaka 2020 kwenye tuzo za D.I.C.E. za Marekani ikachaguliwa kuwa gemu bora ya mwaka, mbele ya kazi zilizogharimu mamilioni ya dola. Anayesema gemu za namna hii ni za kitoto aangalie pia tuzo za BAFTA za Uingereza mwaka 2023: gemu bora ilikuwa Vampire Survivors, iliyoanzishwa na mtu mmoja, Luca Galante, ambamo mchezaji anachofanya hasa ni kutembea huku silaha zikijipiga zenyewe. Ilizishinda Elden Ring na God of War Ragnarök.

Kinachomfanya bata yule achekeshe si uzuri wa michoro. Anataka vitu vidogo ambavyo kila mtu anaelewa kwa nini anavitaka, ana mwili usio na heshima yoyote, na mbele yake kuna mtu anayejiona wa maana. Ondoa kimojawapo na utani unalegea. Bata angekuwa na mabawa ya kuruka na meno ya kung'ata tungemwogopa. Wanakijiji wangekuwa wanyonge tungewahurumia. Kijana anayetafuta wazo ajiulize maswali hayo kabla ya kufungua kompyuta: nani anataka nini kidogo, kwa mwili gani wa kizembe, mbele ya mkubwa gani?

Kuna mlango mwingine wa kicheko, nao ni mikono ya mchezaji mwenyewe. Mwaka 2008 Bennett Foddy, Mwaustralia aliyesomea falsafa, alitoa gemu ya mkimbiaji wa mita 100 iitwayo QWOP. Herufi mbili za kibodi zinaongoza mapaja yake na mbili nyingine zinaongoza sehemu ya chini ya miguu. Mchezaji anajua kabisa mtu hukimbiaje, ila vidole havimsaidii, na mwanariadha wa taifa anaanguka chali baada ya hatua mbili. Hakuna sentensi ya kuchekesha iliyoandikwa humo. Kichekesho ni ule umbali kati ya nia na kidole, na kwa sababu hiyo hakihitaji tafsiri, hakichuji kwa kurudiwa, na hakimdhalilishi mtu yeyote zaidi ya yule anayecheza, ambaye ndiye wa kwanza kucheka.

Hapo ndipo pwani yetu inapoingia, maana kuna jambo tunalolijua hapa ambalo watengenezaji wa mbali walichelewa kuligundua: mchezo ni wa watazamaji pia. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na anayelijua vizuri hupiga hesabu ndefu kichwani kabla ya kusogeza mkono. Kwa sheria zake ni mchezo mzito. Ila nenda Ujiji jioni ukasikilize penye bao. Wanaocheza ni wawili, wanaosema ni kumi, na kejeli zote zinatoka kwa wale kumi. Banda la gemu ni hivyo hivyo: wawili wameshika vidhibiti vya PlayStation, nyuma yao kuna mstari wa wanaongoja zamu, na kila goli lina mtangazaji wake asiyelipwa. Among Us ilitolewa mwaka 2018 na watu watatu wa InnerSloth huko Marekani, ikakaa karibu miaka miwili bila kelele; mwaka 2020 warushaji wa michezo mtandaoni wakaanza kuicheza mbele ya watazamaji wao, na dunia nzima ikaijua. Mchezo haukuwa umebadilika sana. Kilichoongezeka ni watu wa kutazama, kushuku na kupiga kelele.

Kwa hiyo tengeneza gemu ambayo mtu aliyesimama nyuma ya mchezaji anaielewa bila kuuliza. Aone kinachotakiwa, aone hatari inakuja, apige kelele kabla mchezaji hajaiona. Mzunguko mmoja uwe wa dakika moja au chini yake ili simu izunguke mikononi. Alama zibaki juu ya kioo, kubwa, ili mtu wa tatu apate cha kusema. Mambo haya hayaongezi gharama hata shilingi, na ndiyo yatakayoitoa gemu yako kwenye simu moja hadi nyingine.

Sasa wazo lenyewe litoke wapi? Vijana wengi wakitaka kutengeneza kitu cha Kigoma wanakimbilia Livingstone na Stanley chini ya mwembe wa Ujiji mwaka 1871, na matokeo huwa ni gemu ya maswali na majibu ambayo hata mwalimu wa historia hataimaliza. Kama ni lazima, basi mchezaji awe ule mwembe, adondoshe embe kwenye kofia za mabwana wale kabla hawajasalimiana. Lakini mkoa una hazina nzuri zaidi, na imekaa karibu mno kiasi kwamba hatuioni.

Yapata kilomita 16 kaskazini mwa mji wa Kigoma ndiko Gombe, ambako marehemu Jane Goodall alifika Julai 1960 kuchunguza sokwe. Mmoja wa wa kwanza kumzoea, aliyepewa jina la David Greybeard, aliingia kambini akajichukulia ndizi. Huyo peke yake anatosha kuwa bata wetu. Ila yupo anayemzidi. Mwaka 1964 dume mmoja aliyeitwa Mike, ambaye kwenye kundi lake alikuwa karibu na mkia, aliyagundua madebe matupu ya mafuta ya taa yaliyokuwa kambini. Akaanza kuyachukua, kuyagonganisha na kuyasukuma mbele yake huku akiwakimbilia madume wakubwa. Madume hao hawakuwahi kusikia kelele ya namna ile. Wakatawanyika, na baada ya muda wakawa wanamjia kwa adabu. Mike akawa dume mkuu wa Gombe bila vita kubwa, na watafiti wakalazimika kuyaficha madebe yao. Goodall alikisimulia kisa hiki katika kitabu chake In the Shadow of Man cha mwaka 1971. Wahenga walituambia debe tupu haliachi kuvuma. Hawakutuambia kwamba linaweza kutoa utawala.

Chukua kisa hicho ukitazame kama fundi. Mhusika ni mnyonge anayetaka heshima, jambo ambalo halihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote. Silaha yake ni ya kijinga. Wapinzani wake wanajiona. Kitufe kimoja kinatosha: ukishikilia anasukuma debe, ukiachia linabaki nyuma. Debe moja linatoa kelele ndogo, mawili yanatisha, matatu yanatisha sana ila yanatawanyika kwenye mteremko na kubingirika hadi ziwani, na sokwe wetu anabaki amesimama mikono mitupu mbele ya dume lenye hasira. Kelele ikizidi, mtafiti anatoka kwenye hema na kuchukua debe moja. Jukwaa ni ufukwe mmoja. Wahusika hawazidi wanane. Sauti zote zinaweza kurekodiwa kwa simu, na nasisitiza zirekodiwe kwa debe halisi, kwenye mawe halisi, maana nusu ya kicheko itatoka hapo. Mhusika wako mpe jina lingine, wala usitumie jina au sura ya mtu halisi. Kisa kinatosha, na utajiepusha na usumbufu.

Mengine yapo kila upande. Dagaa wameanikwa mchangani Katonga, kunguru wanakuja, mbuzi wanakuja, mvua inakuja, na wewe una fagio moja. Au meli ya Liemba: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikashushwa majini Kigoma 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa na kurudi kazini 1927. Kwa miongo mingi ilisimama katikati ya maji kwenye vituo visivyo na gati, na mitumbwi ikaifuata ikiwa na mananasi, magunia, kuku na bibi harusi. Huo mtumbwi ndio mchezo. Panga mizigo usizame. Kuku hakai alipowekwa. Nimetaja miaka ya meli ili msomaji aione ilivyo ya ajabu, lakini ndani ya gemu usiitaje hata mmoja, kwani hamu ya kufundisha ndiyo inayoua kazi nyingi za namna hii. Anayecheka na yule kuku ataitafuta historia mwenyewe.

Kuhusu zana, hali ni nzuri kuliko vijana wengi wanavyodhani. Anayeanza kabisa atumie Scratch, iliyotengenezwa na chuo cha MIT cha Marekani na kutolewa mwaka 2007. Ni ya bure, inaweza kuwekwa kwenye kompyuta ikatumika bila mtandao, na ina Kiswahili. Akishazoea mantiki ya kupanga amri ahamie Godot, programu huria ya kutengenezea gemu iliyoanzishwa na Waajentina wawili, ambayo haidai ada wala mgawo wa mapato, na ambayo kwa gemu za picha bapa haihitaji mashine kali. Mwaka 2014 kijana wa Kiitaliano wa miaka 19, Gabriele Cirulli, alitengeneza gemu ya namba iitwayo 2048 kwa mwisho wa wiki mmoja na kuiachia bure, mamilioni waliicheza. Simtaji ili umuige kasi yake. Namtaja kwa sababu alijua wapi pa kuishia. Jiwekee mipaka kabla ya kuanza: kitufe kimoja, kioo kimoja, rangi chache, uzito usiozidi MB 20, na ifanye kazi bila bando. Gemu ya uzito huo mtu atamrushia mwenzake kwa Xender wakingoja gari, na fundi simu wa Mwanga anaweza kuiweka kwenye simu za wateja pamoja na nyimbo. Ijaribu kwenye simu mbovu kuliko zote unazoweza kuazima, kwenye jua, kwa kidole gumba kimoja. Ikikwama hapo, punguza.

Lugha isikutishe. Kabla ya simu hizi, vibanda umiza vya Tanzania vilijaa watu waliokwenda kuangalia filamu za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili na Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu. Hakuwa anatafsiri tu. Alieleza, akaongeza, akatania, na wengi walizipenda filamu zile kwa sababu ya sauti yake. Gemu yako inaweza kuwa na msimulizi wa aina hiyo, anayemsuta mchezaji kila akianguka, kwa Kiswahili cha Ujiji chenye Kiha na maneno ya Kongo ndani yake. Rekodi sentensi thelathini fupi, zisijirudie upesi. Asiyeelewa lugha bado atacheka na debe. Anayeelewa atacheka mara mbili.

Wapo watakaouliza: na pesa? Swali ni la haki, na jibu lake lisipambwe. Kila mtu amesikia kuhusu Flappy Bird ya Dong Nguyen wa Vietnam, iliyotoka mwaka 2013 na mwanzoni mwa 2014 ikaripotiwa kuingiza dola 50,000 kwa siku kutokana na matangazo. Usipange maisha yako kwa mfano huo. Gemu nyingi ndogo hazirudishi hata bei ya umeme uliotumika, na tangazo linalotazamwa na mchezaji wa Kigoma linalipa kidogo sana. Mifano ya karibu ina faida zaidi kwako. Kola Studios ya Kampala ilichukua matatu, mchezo wa karata ambao Waganda tayari wanaucheza kila kona, ikauweka kwenye simu. Planet Rackus ya Nairobi ilitoa Ma3Racer, gemu ya kuendesha matatu, gari hili sasa, kwa ukorofi wote unaojulikana. Wote walichagua kitu ambacho wateja wao walikuwa wameshakipenda. Na yupo Lual Mayen, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda; mama yake alidunduliza dola 300 kwa miaka mitatu kumnunulia kompyuta, akajifunza mwenyewe, akatengeneza gemu kuhusu amani, na mwaka 2018 akatambuliwa kwenye The Game Awards huko Marekani. Mkoa wenye kambi ya Nyarugusu hauwezi kuona kisa hicho ni cha mbali. Ushauri wangu wa fedha ni mkavu: usiache kazi, usikope. Gemu ya kwanza ni kielelezo. Mtu aliyemaliza kitu kidogo kinachofanya kazi ana cha kumwonyesha mwenye duka, shule au mradi wa afya anayetafuta mtu wa kumtengenezea programu. Mwenye nusu ya jiji la vita hana.

Wazazi wana hofu nyingine, na sehemu ya hofu hiyo inatokana na mchanganyiko wa mambo mawili. Mashine za kutumbukiza sarafu na kubeti kwenye simu ni michezo ya kubahatisha, ina sheria yake ya mwaka 2003 na bodi yake ya kuisimamia, na mtoto haruhusiwi kuigusa. Gemu ninayoizungumzia haina dau. Tatizo ni kwamba watengenezaji wengine huazima ujanja wa kule: gurudumu la bahati, sanduku la zawadi la kulipia, kengele ya kukumbusha urudi. Usiviweke. Vinakuchafulia jina mbele ya wazazi, ambao ndio wenye simu, na vinaua kicheko, maana mtu anayehesabu hasara hacheki.

Hofu ya kupoteza muda ni ngumu zaidi kuijibu, na ushahidi mkubwa dhidi yangu unatoka kwa Nguyen yuleyule. Februari 2014, gemu yake ikiwa kileleni, aliiondoa sokoni akisema imekuwa uraibu kwa watu. Wepesi wa kurudia niliousifu hapo juu ndio uliowanasa. Siwezi kusema hatari hiyo haipo. Ninachoweza kusema ni kwamba mtengenezaji anao uwezo wa kuipunguza, na gemu ya kuchekesha inampa njia ambayo gemu ya alama tupu haina: inaweza kuwa na mwisho. Sokwe wetu akishakuwa mkuu, kisa kimekwisha, mchezaji ameshiba, simu inarudi mfukoni. Bata wa Melbourne anamalizwa kwa saa chache tu. Weka mwisho unaoonekana, na msimulizi wako amwambie mchezaji waziwazi, baada ya mizunguko kadhaa, akamsaidie mama yake kuanua dagaa.

Jambo la mwisho la kujihadhari nalo ni dhihaka. Waha, wenyeji wa mkoa huu, wanataniwa nchi nzima na wanajua kujibu, ila utani una mipaka na wenyewe wanaijua: unamtania mtani, hulengi jeraha. Gemu haina uso wa kusoma kama mtu amechukia, wala haijui imefika mikononi mwa nani. Mkimbizi, mlemavu, mwanamke anayechuuza samaki, wasiwe shabaha. Acha mwenye kofia aangukiwe na embe.

Ukishakuwa na kitu kinachocheza, hata kikiwa na michoro ya kalamu, kipeleke kwa watu mapema. Siku za mbalamwezi zinafaa sana, wakati wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani kwa kuwa taa zao hazivuti samaki kwenye mwanga ule. Pale Kibirizi utawakuta wamekaa, wanashona nyavu, wana muda na wana ndimi kali. Mpe mmoja simu bila kueleza chochote. Usimwelekeze hata akikosea, na usitazame kioo; tazama nyuso za walio pembeni yake. Andika ni sekunde gani mtu wa kwanza alicheka, na ni wapi mchezaji aliuliza swali. Kila swali ni kitu cha kuondoa au kuchora upya. Akimaliza na kukurudishia simu wewe, nenda nyumbani ukapunguze. Akimpa jirani yake huku akimwambia hawezi kufika alipofika yeye, iweke kwenye simu zao zote kabla hujaondoka.